Kisu ni Chetu, Muhuri ni wa Nani?



Nianze na kitu ambacho pengine umekiona mara mia na hujawahi kukifikiria. Nenda machinjioni alfajiri, iwe Garissa, Isiolo, Dagoretti au Mariakani. Anayeshika kisu ni Muislamu. Karibu Kenya nzima iko hivyo. Hata kwenye mji ambao Waislamu unawahesabu kwa vidole, mwenye machinjio atamtafuta Muislamu wa kuchinja, manake anataka nyama yake inunuliwe na kila mtu. Na ukiuliza ng'ombe, mbuzi au ngamia huyo ametoka wapi, mara nyingi utaambiwa Kaskazini, kwa wafugaji ambao wengi wao ni ndugu zetu.

Sasa ngoja kidogo. Mnyama ameshachunwa, nyama imening'inizwa, lori liko nje limewasha injini. Hakuna anayeondoka. Wote wanamngoja mtu mmoja mwenye koti jeupe na gambuti, apasue tezi, aangalie ini, ashike mapafu, kisha agonge muhuri. Bila ule muhuri, Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, haikuruhusu kuiuza. Na kama nyama hiyo inakwenda Dubai au Jeddah, lazima isindikizwe na cheti cha afya kilichotiwa saini na daktari wa mifugo wa serikali.

Mnyama ni wetu, kisu ni chetu, na mlaji wa kule ng'ambo ni Muislamu mwenzetu. Hapo katikati kuna karatasi moja, na mwenye kuitia saini mara nyingi si mtoto wetu.

Naomba nisieleweke vibaya. Simlaumu daktari aliyetoka Nyeri au Kisii akaja kufanya kazi kwetu. Kuna madaktari Wakristo waliokaa huku miaka mingi, wakala vumbi letu, wakachanja mbuzi wetu kwenye jua la saa saba wakati vijana wetu walikuwa wakitafuta namna ya kuhama. Mungu awalipe. Ninachouliza ni kwa nini sisi hatupo. Na hapo kuna majibu mawili, moja la serikali na moja letu, na nitayasema yote mawili.

Kila mwaka matokeo ya KCSE yakitoka, sisi huweka meza kwenye baraza ya msikiti baada ya Isha. Kompyuta mbili, intaneti ya simu, na foleni ya vijana wanaotaka kusaidiwa kuomba nafasi kupitia KUCCPS. Mwaka jana alikuja kijana mmoja na B ya jumla. Baiolojia B+, Kemia B. Wallahi, kwa shule aliyotoka, hiyo B ni kubwa kuliko A nyingi. Nikamuuliza ameomba nini. Akanionyesha simu: biashara, biashara, teknolojia ya habari, ualimu.

"Nani alikuchagulia?"

"Yule wa saiba."

Nikamuuliza kama amewahi kufikiria udaktari wa mifugo. Akacheka. Hakikuwa kicheko cha dharau, kilikuwa cha mtu aliyechoka. Akaniambia, "Kaka, mimi nimekimbia mbuzi miaka kumi na minane. Baba ameuza ngamia ndio nisome. Halafu niende Nairobi niwaambie nimeenda kusomea ngamia?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Mimi pia nilicheka. Jibu sikuwa nalo. Yule kijana alienda kusoma biashara na namuombea kheri. Haya ninayoandika ni jibu langu kwake, limechelewa mwaka mzima.

Jibu lenyewe ninaanzia kwa baba yake, kwa sababu baadaye nilikuja kujua kwamba kabla ya kuuza ule ngamia wa karo alikuwa amepoteza wengine. Walikonda, wakawa na homa inakuja na kwenda, wakatupa mimba, wakaanguka. Wafugaji wanaujua ugonjwa huo, Wasomali huuita dhukaan, unaletwa na nzi wanaouma. Mzee alifanya wanachofanya wengi. Alienda sokoni, akamkuta jamaa mwenye mkoba, akanunua dawa ya maji ya rangi ya njano, akachoma sindano mwenyewe. Dawa ile ilikuwa antibayotiki, na antibayotiki haiwaui vimelea wa dhukaan. Pesa zikaenda, ngamia wakaenda, na waliobaki waliendelea kukamuliwa na maziwa yakanywewa yakiwa na dawa ndani. Hakuna aliyemwambia mzee kwamba mnyama akidungwa dawa kuna siku za kungoja kabla ya kunywa maziwa yake au kumchinja.

Daktari alikuwa wapi? Kwa kaunti kubwa kama zetu, daktari anaweza kuwa mwendo wa siku nzima kutoka bomani kwako, na gari la ofisi halina mafuta. Sensa ya 2019 ilihesabu ngamia zaidi ya milioni 4 Kenya, na karibu wote wako kaunti za ukame: Mandera, Wajir, Garissa, Marsabit, Isiolo, Turkana na Tana River. Huo ni utajiri. Ukame wa 2020 hadi 2023, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, ulituulia mifugo zaidi ya milioni 2 nchini. Daktari haleti mvua, najua. Lakini nani anakaa kwenye kikao cha kaunti aseme uzeni sasa kabla hawajakonda, pelekeni chakula huku, chanjeni kule kwanza? Mtu mwenye cheti. Mzee wako mwenye ujuzi wa miaka sitini ataitwa kufungua kikao kwa dua.

Kuna jambo jingine ambalo silisahau. Mwisho wa 2006 nilikuwa mtoto. Mvua ilinyesha kupita kiasi, mafuriko yakaja, mbu wakawa kama moshi. Mbuzi na kondoo wakaanza kutupa mimba wote kwa pamoja. Wazee walikuwa tayari na jina lake, sandik, kwa ajili ya damu inayotoka puani. Walikuwa wameona dalili kabla serikali haijatangaza chochote, na watafiti waliokuja baadaye kuwahoji wafugaji wa Kaskazini Mashariki waliandika hivyo hivyo. Serikali ilipokuja kutangaza, jina lilikuwa homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa ule uliua watu zaidi ya 150 Kenya, na Garissa ndiyo ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Idi kubwa mwaka ule iliangukia siku za mwisho za Desemba. Fikiria Idi ya kuchinja, katika mji wa mifugo, na kuchinja kumepigwa marufuku na soko limefungwa. Watu wazima walikuwa wananong'ona. Sisi watoto tulijua tu kwamba nyama imekuwa kitu cha kuogopwa.

Virusi vile hupitia kwa mbu, lakini pia kwa damu. Anayechinja, anayechuna, anayesaidia mbuzi kuzaa, hao ndio wa kwanza kuambukizwa. Yaani wenye kisu. Na mayai ya mbu wale hukaa ardhini miaka mingi yakingoja mafuriko mengine. Ilikuwa hivyo mvua za El Niño za 1997 na 1998, ikawa hivyo 2006, na Wajir wakauona tena 2018.

Sasa unganisha mambo. Mfugaji alijua. Jina alikuwa nalo, dalili alikuwa nazo. Kilichokosekana ni mtu upande wa pili wa simu, anayeelewa neno sandik likitamkwa na bibi wa miaka sabini, na mwenye mamlaka ya kuchukua damu, kuituma maabara na kusema funga soko leo badala ya wiki tatu zijazo. Mtu huyo ndiye ninayetaka uwe wewe. Nikikwambia kasomee mifugo, sikurudishi kukimbiza mbuzi. Nakutaka kwenye kile kiti.

Ajabu ya mambo ni kwamba ugonjwa huu ulitambuliwa na wataalamu wa Kabete, kutokana na kondoo waliokufa karibu na Ziwa Naivasha, na matokeo yakachapishwa 1931. Kabete hiyo hiyo leo ndiko walipo wanafunzi wa udaktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Upper Kabete. Si mwezini. Kutoka Eastleigh unafika kwa matatu mbili.

Tuje kwenye kuomba nafasi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo tunapopotea wengi.

Digrii ya udaktari wa mifugo inasomwa Nairobi na pia Egerton kule Njoro. Kabete ni miaka 5. Kuingia chuo kikuu kunahitaji C+ ya jumla, hilo kila mtu analijua. Kisichojulikana ni kwamba C+ inakufikisha mlangoni tu. KUCCPS wanachukua masomo manne yanayohusu kozi yako, wanapiga hesabu na kukupa pointi za klasta, za juu kabisa ni 48. Kwa kozi hii, Baiolojia na Kemia ndio uti wa mgongo. Unaweza kuwa na B ya jumla iliyobebwa na IRE, Kiswahili na Historia (na mimi naipenda IRE sana, nilipata A), ukaomba mifugo na ukaachwa, huku mwenye B- aliyeshika Baiolojia na Kemia akaingia. Tovuti yao inaonyesha pointi za mwisho zilizochukuliwa miaka iliyopita kwa kila kozi, kila chuo. Angalia hapo kabla hujalipa ada ya maombi. Usimwachie mtu wa saiba. Yeye ana foleni ya watu thelathini na hakujui jina.

Na kama unaitaka, iweke ya kwanza. Tabia yetu ni kuweka udaktari wa binadamu juu, uhandisi chini yake, halafu mifugo mwisho kabisa kama mtu anayetupa jiwe gizani. Kozi yenye ushindani haimngoji aliyeiweka mwisho.

Sasa jibu la serikali, kwa sababu sitaki mtu asome hapa aondoke akidhani tatizo ni uvivu wa vijana.

Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa. Baada ya hapo TSC iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Mwalimu anayeogopa kufa siwezi kumlaumu, nami ningeogopa. Lakini aliyebaki darasani ni nani? Ni mtoto wa Kidato cha Tatu anayetakiwa afanye mtihani ule ule wa Kemia anaoufanya mtoto wa shule ya kitaifa yenye maabara tatu. Nimezungumza na vijana waliomaliza shule wakiwa wamegusa bureti mara mbili, mara ya pili ikiwa siku ya KCSE yenyewe. Halafu pointi za klasta zinakuja na tunaambiwa hesabu haina upendeleo. Hesabu kweli haina upendeleo. Wenye upendeleo ni waliopanga nani apate mwalimu wa Kemia na nani asipate.

Kifungu cha 56 cha Katiba kinaitaka serikali iweke mipango maalumu ili jamii zilizotengwa zipate nafasi za kipekee katika elimu. Kipekee. Neno hilo liko kwenye Katiba, hatukulitunga sisi. Kwa hiyo tunapodai walimu wa sayansi na maabara Kaskazini na Pwani, hatuombi sadaka. Na mbunge wako akija kugawa basari mbele ya kamera, muulize shule ya wadi yako ina mwalimu wa Kemia au haina. Muulize kwa adabu, lakini muulize mbele ya hizo hizo kamera.

Kitambulisho nacho. Vijana wetu wengi wamekosa mkopo wa masomo kwa sababu wenzao walichukua kitambulisho kwa wiki chache wao wakazungushwa kwenye vikao vya kuchujwa miezi na miezi, waulizwe babu wa babu yako alizikwa wapi. Februari 2025 Rais alitangaza Wajir kwamba mchujo ule wa ziada umefutwa. Alhamdulillah. Ukienda ofisini ukaambiwa bado upo, andika tarehe, ofisi na ulichoambiwa, halafu ututumie. Tangazo la jukwaani lina mguu mmoja, wa pili tutauweka sisi.

Halafu riba. Mkopo wa HELB wa wanafunzi wa digrii umekuwa na riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Najua masheikh wamezungumza tofauti, wapo wanaosema ni dharura na wapo wanaokataa kabisa. Mimi si mufti, nina diploma ya maendeleo ya jamii. Ninachokisema ni cha haki za raia: kodi anayolipa Muislamu ni ile ile, kwa hivyo kijana asilazimishwe kuchagua kati ya dini yake na miaka mitano ya chuo. Mkopo usio na riba lazima uendelee kuwa kwenye orodha ya madai yetu mpaka kila mwanafunzi anayeutaka aupate mkononi.

Lakini hapa na sisi tujiangalie. Mbuzi 40 hutoa zakat ya mbuzi 1. Ngamia 5 hutoa mbuzi 1. Mwanafunzi fukara anastahiki zakat, haya ni ya kawaida kabisa kwenye fiqhi tuliyosomeshwa duksi na madrasa. Piga hesabu ya mifugo iliyo kwenye lokesheni moja tu ya Wajir au Tana River. Ikiwa sehemu ndogo ya zakat ya mifugo itamsomesha atakayekuja kuitibu mifugo hiyo hiyo, kuna mzee atakayesema tumeitupa? Msikiti mmoja, mwanafunzi mmoja. Nimelisema hili kwenye vikao viwili vya wazee. Cha kwanza walinisikiliza. Cha pili mzee mmoja alisimama akauliza, "Huyo kijana yuko wapi nimuone?" Sikuwa na kijana wa kumuonyesha. Niliona aibu, na ndio maana naandika.

Nijue sasa maswali ambayo yatakuja kwenye inboksi, kwa sababu huja kila nikigusa jambo hili.

"Si huko watu wanashika mbwa na nguruwe?" Ndiyo, wanashika. Daktari wa mifugo Kenya anafundishwa magonjwa ya wanyama wote, nguruwe akiwemo, na usijidanganye kwamba utaruka somo. Sasa swali la dini. Sisi wengi ni Mashafi, na kwetu mbwa na nguruwe ni najisi nzito. Lakini najisi inaoshwa, na sisi wenyewe tumefundishwa namna ya kuiosha, mara saba na moja iwe na udongo. Kushika kwa ajili ya kutibu na kujifunza si kula wala kufuga. Kuna glavu, kuna ovaroli, kuna maji. Kama moyo hautulii, keti na sheikh unayemwamini kabla ya kuomba, umueleze kazi yenyewe ilivyo, umsikilize. Na ukumbuke ile hadithi tuliyosomeshwa tukiwa wadogo, ya mtu aliyeshuka kisimani akamnywesha mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa. Kiatu kile sidhani alikitupa.

Tena sisi si wageni kwenye elimu hii. Mamluki wa Misri walikuwa na tabibu wa farasi, Abu Bakr ibn al-Mundhir, aliyemtumikia Sultan al-Nasir Muhammad ibn Qalawun katika karne ya 14 na akaandika kitabu kizima cha tiba ya farasi. Waarabu humwita mtu kama huyo baytari. Baba yake naye alikuwa na kazi hiyo hiyo. Yaani huko nyuma kulikuwa na familia ya Waislamu inayorithishana udaktari wa mifugo kwenye ikulu, na leo kijana wetu anaona haya kuutaja mbele ya marafiki.

"Na msichana je?" Dada yangu, hili nalijibu kwa hasira kidogo. Nani anakamua nyumbani kwenu? Nani anajua mbuzi gani hakula jana? Nani anapakia yale maziwa ya ngamia kwenye basi la Isiolo kila siku yafike Eastleigh? Ni akina mama. Kwenye soko la maziwa mama anatawala, lakini kukija suala la shule ya mifugo tunaambiwa kazi ni ya wanaume. Gambuti inavaliwa chini ya buibui vizuri sana. Na mama mfugaji ambaye hawezi kuzungumza na daktari mwanamume peke yake bomani, kwako atafunguka.

"Kazi ziko?" Sitakudanganya. Kuna madaktari wa mifugo wamehitimu na wanangoja. Tangu 2013 huduma za mifugo ziko chini ya kaunti, na kaunti zetu huajiri kwa kusuasua, wakati mwingine kwa ukoo. Hiyo nayo ni vita yetu, na ndio maana tunaomba bodi za utumishi za kaunti zitangaze nafasi hadharani. Lakini aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ana kitu ambacho mwenye digrii ya biashara hana: sheria inamruhusu yeye kufanya kazi ambayo wengine wakiifanya ni kosa. Anaweza kufungua kliniki yake na kuzunguka masoko ya mifugo. Yule jamaa wa mkoba sokoni ana wateja kila siku ya soko. Wateja wapo. Aliyekosekana ni mwenye cheti.

Na ukiwa hukufikisha pointi, mlango haujafungwa. Kuna taasisi za AHITI kule Kabete, Ndomba na Nyahururu, zinafundisha afya ya wanyama ngazi ya cheti na diploma. Sheria ya 2011 ya madaktari wa mifugo inawatambua hao pia na inawasajili. Mkaguzi wa nyama, yule wa muhuri niliyeanza naye, mara nyingi hana digrii, alipitia mafunzo ya ngazi hii. Mimi mwenyewe ni mtu wa diploma, sitamdharau mtu kwa diploma. Ila kama una pointi za digrii, tafadhali nenda digrii. Vikao vinavyoamua vinamuuliza daktari.

Neno kwa wenye wadogo nyumbani. Waliofungua Gredi ya 10 Januari 2026 ndio wa kwanza wa sekondari ya juu ya mtaala mpya. Wao hawangoji Kidato cha Nne ndio wajue wataomba nini, wanachagua mkondo mapema. Asiyeshika mkondo wa sayansi na teknolojia, akaacha Baiolojia na Kemia akiwa na miaka kumi na tano, ameshajifungia mlango wa Kabete bila kujua. Na shule nyingi zetu zitawasukuma kwenye masomo ya jamii kwa sababu ndiyo walimu waliopo. Nenda shuleni kwa mdogo wako wiki hii. Uliza anasoma masomo gani, na kama hakuna mwalimu wa sayansi pata jibu kwa maandishi kutoka kwa mwalimu mkuu. Barua kama hizo tunazikusanya.

Dirisha la KUCCPS likifunguka, meza yetu itakuwa pale pale barazani baada ya Isha, wasichana kwa upande wa akina mama na dada zao wa kuwasaidia. Njoo na karatasi yako ya matokeo, nambari yako ya mtihani na nambari ya cheti cha kuzaliwa. Usitoe pesa kwa mtu yeyote pale mezani, ada ya maombi unalipa mwenyewe kwa simu yako. Na kama baba yuko mjini, njoo naye. Yule mzee wa kikao cha pili ameniambia atakuwepo kila usiku mpaka dirisha lifungwe, na bado anauliza kijana yuko wapi.